Namba ya Lukmani

Tak. Tak-tak. Kimya. Tak.

Kulsumu alifumbua macho gizani na mara moja akajua ni vidole juu ya kibodi, na chumbani hamkuwa na mtu ila yeye na kichanga chake Nadhira, kwa maana mwenye kompyuta, mumewe Lukmani, boti ilizama naye ziwani, Kasanga, wakamwopoa, wakamzika.

Asubuhi akaja Kheri, aliyekuwa akitengeneza tovuti na marehemu huko Majengo. Hakuingia, mjane yuko eda. Alisimama nje ya dirisha, akaongea na pazia.

"Shemeji, Django ya Lukmani, ile programu tunayojengea tovuti, ni toleo la ngapi? Nahamisha kazi za wateja. Nikikosea toleo, zote zinalala."

"Nne nukta mbili. Kila siku kabla ya kazi alikuwa anaiuliza, utadhani anamjulia hali mgonjwa. Jipya hataki, hata umpige."

"Mbishi yule!" Kheri akacheka. "Hebu hakikisha."

Kulsumu akaandika ile amri aliyomwona mumewe akiiandika miaka yote. Kompyuta ikajibu: 5.0.

"Nani kaibadilisha? Uliweka bando?"

"Bando la nini, shemeji? Hata chaja sijachomeka tangu msiba!"

Usiku vidole vikarudi, pamoja na harufu ya samaki migebuka na nguo zilizolowa ziwani. Kulipokucha, 5.1, na Nadhira kapoa miguu. Usiku uliofuata, 5.2, na mtoto hanyonyi, midomo imekuwa ya bluu, blanketi juu ya blanketi lakini baridi inatoka ndani yake mwenyewe.

"Hicho kinachokuja usiku, ulikiitikia?" Mama mkwe, Bi Hasna, alinong'ona.

"Niliita tu, mama. Niliita Lukmani."

"Ee Mola! Umekipa jina la kuvaa."

Shehe Suleimani akasoma, akafukiza ubani mpaka macho yakawawasha. Akasema jini la ziwani limejifunza mkono wa marehemu, linajua anavyouliza, ila jibu alilolipenda halilijui. Kila marehemu alichokiacha kwenye kompyuta kifutwe.

Kheri akaelekeza dirishani, Kulsumu akafuta. Tovuti. Django yenyewe. Picha za harusi.

"Na sauti yake? Anamwimbia mtoto humu."

"Yote, shemeji," Kheri akajibu taratibu. "Nisamehe."

Akafuta. Akaandika amri tena. Kompyuta ikasema hakuna kitu chenye jina hilo. Jioni Nadhira akatoka jasho, akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni. Bi Hasna alilia kwa furaha. Kulsumu naye alilia, lakini si kwa hilo.

Tak.

Usiku huo mwanga wa kioo cha kompyuta ulikuwa umejaa chumbani, na katikati ya kioo kilichofutwa kila kitu palikuwa na namba moja, si tano, si ile ya jini, bali ile ya Lukmani mbishi, ile aliyoigombania kwa kila mteja: 4.2.

Alimpapasa Nadhira. Nywele zilikuwa zimelowa, zinanuka ziwa. Alijua inampasa apige kelele, mama mkwe yuko chumba cha pili tu, ubani bado upo, na alijua pia kwamba wakija watamfuta tena, na mara hii hatabaki hata na hizi tarakimu mbili, basi akambana mtoto kifuani, akageukia ule mwanga, akanong'ona:

"Baba Nadhira, simwambii mtu mwingine. Naahidi. Simwambii mtu."