Saa ya Mpakiaji

Duka la simu la pale stendi lilijaa watu hadi mlangoni, feni ikizungusha joto lile lile. Mshonaji alisimama mbele ya kabati la kioo katika gauni la bluu alilolishona mwenyewe, mkono mmoja ameshika tableti pana inayong'aa, wa pili kibao kidogo cha kusomea vitabu, chenye uso wa kijivu.

"Chukua hicho cha kijivu, dada," sauti ilisema nyuma yake. "Hiyo nyingine itakumaliza macho, na kiwanda kimeshaanza kuyala."

Aligeuka. Kijana mrefu, kaptura imepauka, raba zimeshonwa ubavuni kwa uzi wa magunia.

"Nani kakwambia natoka kiwandani?"

"Nyuzi kichwani mwako. Mimi niko bohari. Mnachoshona, nakipakia."

"Na mpakiaji anatafuta nini hapa? Mzani?"

"Saa ya kukimbilia."

"Unamkimbia nani?"

"Hakuna. Ila mpaka leo sikuwa na wa kumkimbilia."

Alicheka bila kutaka. Akamchagulia saa nyeusi ya mkanda wa mpira, isiyo na madoido, inayovumilia jasho. Kijana aliivaa, akatikisa mkono pale pale aliposimama, na saa ikaanza kuhesabu hatua.

"Mjinga huyu. Anadhani nakimbia."

"Basi mtapatana."

Wakapatana wao. Kwenye simu zao waliweka programu mbili: moja ya kuchora njia anayokimbia, ili mshonaji amwone, nyingine ya kusoma kwa sauti kitabu kilichomo kwenye kibao cha kijivu cha mshonaji, mpaka pale alipoishia, ili mpakiaji akimbie na riwaya za mpenzi wake masikioni.

"Swala wangu," mshonaji alimwandikia, "leo umepanda kilima cha tangi la maji. Nimeuona mstari wako, nikashona kola bila kukosea hata moja."

"Na wewe, Kola, jana umelala umemwacha yule binti wa kitabuni mlangoni, hajui aingie au arudi kwao. Nimekimbia naye njia nzima, masikini."

Lakini kila Jumapili asubuhi mstari ule ulivuka reli, ukafika kwenye nyumba ya geti la kijani, ukalala hapo. Mshonaji alivumilia, kisha akapiga simu.

"Nani anakaa geti la kijani?"

"Napumzika tu, mpenzi."

"Mkimbiaji gani anapumzika mpaka jasho linakauka?"

"Niamini, Kola. Kuna mambo si yangu peke yangu."

"Basi kaa nayo."

Wivu haulali. Kesho yake alimpelekea ramani ile msimamizi wa safu yao, mwanamke aliyemwita dada kwa sababu alimruhusu kwenda chooni bila maneno. Ndivyo wakubwa walivyotufunga sisi wa kiwandani siku zote: wanakunyang'anya haki yako, wanakurudishia kipande, unawaita ndugu.

"Dada, unaijua nyumba hii?"

Msimamizi aliitazama kwa muda. "Ya mjane mmoja. Pole, mdogo wangu. Hebu nitumie hiyo picha."

Akaituma.

Jumapili iliyofuata magari ya wakubwa wa kiwanda yaliegeshwa mbele ya geti la kijani. Hakukuwa na hawara mle. Mjane alikuwa wa fundi aliyeunguzwa na boila la kiwanda hadi kufa, na waliokaa sebuleni kwake ni wapakiaji, wakataji na wapiga pasi, wakianzisha chama cha wafanyakazi. Walipigwa picha mmoja mmoja wakitoka. Jumatatu, kadi zao hazikufungua lango.

Mshonaji alimwambia mama yake. Mama naye alishona katika kiwanda kile kile, mpaka vidole vikajikunja na chama chao kikauzwa.

"Enzi zetu tajiri alilipa mtu atufuate," mama alisema. "Nyie mmejinunulia wenyewe wa kuwafuata."

"Mama, sikujua."

"Aliyetuuza sisi jina lake nalikumbuka mpaka leo. Usimwambie mtu mwingine, mwanangu. Nisije nikasikia lako likitajwa hivyo."

Lakini yeye alimwambia mmoja. Alimkuta stendi, begi begani, anakwenda mji ambao picha yake haijafika. Alisema yote, hakujitetea.

"Nilijua," mpakiaji alijibu. "Ni wewe tu uliyekuwa ukiiona njia yangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tuliapa. Safari iliyopita siri ilivuja kutoka chumba cha kushonea."

"Kwa nini uliivaa saa kwenda huko, basi?"

"Mtu wa kaptura asubuhi hashukiwi. Na niliiacha ikiwaka kwa sababu ulisema ukiuona mstari wangu unashona vizuri."

"Nikasirikie, Swala. Nitukane."

"Ningekuwa na hasira ningebaki tugombane." Alivua saa, akamfungia mkononi, taratibu, kama anayemfunga jeraha. "Huko niendako sitaki kuonekana. Hata na wewe."

Basi liliondoka. Programu ya vitabu iliendelea kumwonyesha yule binti palepale mlangoni, hakuna aliyemsogeza.

Kesho yake mshonaji alikwenda kazini na saa mkononi. Alishona kola kutwa nzima, mkono ukienda na kurudi, msimamizi akipita nyuma yake akimwita mdogo wangu. Jioni saa ilitetemeka. Hongera, iliandika, leo umekimbia mbali sana.

Alifungua ramani auone mstari. Haukuwepo. Kulikuwa na nukta moja tu, juu ya paa la kiwanda.