Sentimita Mbili za Mshono

Jumanne, tarehe saba Mei, saa tisa na dakika ishirini alasiri, manyunyu yalikuwa yakianguka bila kukatika tangu asubuhi. Sindano aliingia nyumbani kutoka shuleni, akatundika mkoba nyuma ya mlango, akavua viatu vilivyoloa na kuelekea chumba cha mbele kumsaidia mama yake, aliyekuwa fundi wa kushona. Kazi zake alizijua bila kuagizwa. Aliokota vipande vya nguo sakafuni, alipachika vifungo, na mama alipokuwa akikata kitambaa, yeye alimsomea vipimo kutoka kwenye daftari la wateja. Umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili. Jina la Sindano alipewa na majirani, nusu kwa wembamba wake, nusu kwa maswali yake yaliyochoma.

Siku hiyo cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, kadi ya kliniki mkononi, akiitazama kama mtu aliyeletewa barua ya msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chakula kimefunikwa mezani."

"Nitakula. Mkunga amesemaje?"

Mimba ya mama ilikuwa imetimiza wiki thelathini, na asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kupimwa.

"Amesema mtoto ni mdogo," mama alisema. "Wiki thelathini, lakini tepu inasoma sentimita ishirini na saba. Amenitaka nirudi baada ya wiki mbili, Jumanne ya tarehe ishirini na moja. Asipoongezeka, nitapelekwa hospitali kubwa nikapigwe picha."

"Basi tutarudi, mama."

"Tutarudi! Unasema kama tunakwenda kununua uzi."

Sindano alijua kilichokuwa kikimkata mama maini. Miaka miwili nyuma, kwenye benchi lile lile la kliniki, mama aliambiwa kwamba mtoto aliyekuwa tumboni hana mapigo ya moyo tena. Tangu siku hiyo, akilazimika kupita mtaa ule, hupita upande wa pili wa barabara. Baba, dereva wa lori la safari ndefu, alikuwa mbali wakati ule, na sasa pia alikuwa mbali.

Mama aliinuka, akaivua tepu yake shingoni. "Miaka kumi na sita nimeshika hii. Nimewapima wanene, nimewapima wembamba, nimempima hata yule mwalimu wenu asiyeweza kutulia kama ana siafu mwilini. Leo nani atanifundisha kupima? Tutapima wenyewe hapa hapa. Wewe utanisomea."

Akamwonyesha namna mkunga alivyofanya: mwanzo wa tepu huwekwa juu ya mfupa ulio chini ya tumbo, kisha tepu hupandishwa hadi mahali kizazi kinapokomea juu. Katika miezi hiyo, idadi ya sentimita huenda karibu sawa na idadi ya wiki. Halikuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa kuisoma namba na kuitamka.

Jumanne iliyofuata, mama alilala chali kitandani, akageuzia uso ukutani. Yeye aliyezoea kuwasomea wateja vipimo vyao kwa sauti kubwa hakuthubutu kutazama. Sindano alipima, akapima tena, akapima mara ya tatu. Ishirini na saba. Wiki nzima ilikuwa imepita, na mtoto hakuongezeka hata upana wa ukucha.

"Ngapi?" mama aliuliza.

Sindano alimwona mama amekunja ngumi juu ya shuka. Katika kazi ya ushonaji alikuwa amefundishwa kwamba mwili hupimwa, kisha huongezwa sentimita mbili za mshono, ili nguo isimbane mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuziita sentimita hizo uongo. Ziliitwa akili ya fundi.

"Ishirini na tisa," alisema.

Mama aliketi. "Rudia."

"Ishirini na tisa, mama."

"Nilijua! Ile tepu yao imechoka, imepigwa na jua dirishani." Akacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku saba, akaiandika namba hiyo kwenye daftari la wateja kwa wino mwekundu. Jioni hiyo alikula akamaliza, akashona kola nne za sare za shule mfululizo. Sindano alipachika vifungo akiwa ameinamisha kichwa, na kila kifungo kilikuwa kizito kama jiwe.

Shuleni alikuwa na rafiki aliyeitwa Redio, binti wa fundi viatu, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Wakati wa mapumziko Redio alimkuta ameketi peke yake kwenye ngazi za darasa.

"Una nini wewe? Umenuna kama umemeza kifungo."

"Nikikwambia utanyamaza?"

"Mimi? Mimi kaburi."

"Kaburi lenye kipaza sauti."

Hata hivyo alimweleza yote. Redio alisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumkatiza.

"Ukikosea sketi unafumua," alisema. "Sasa hapo utafumua nini?"

"Nikimwambia atavunjika moyo."

"Kwani sasa umemshonea moyo mpya? Mwambie, Sindano. Leo hii."

Sindano aliahidi, na hakutimiza. Jumatatu jioni, mkesha wa siku ya kliniki, mama alilala tena chali, uso ukutani. Tepu ilisoma ishirini na saba na nusu. Lakini ishirini na tisa tayari ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, na namba haziwezi kurudi nyuma bila kuulizwa sababu.

"Thelathini na moja," alisema.

Uongo wa kwanza ulitoka kwa huruma. Wa pili ulitoka kwa woga, na msomaji asidhani kwamba hayo mawili ni mamoja. Huruma ilimtazama mama. Woga ulimtazama Sindano mwenyewe.

"Basi kesho sina haja ya kwenda," mama alisema, akijifunga khanga yake. "Nikakae kwenye benchi nusu siku kusubiri habari ninayoijua? Sare arobaini zinanisubiri."

Sindano aliizungusha tepu, akaiweka mezani. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Mvua haikukoma, na nguo zilizofuliwa zilining'inia chumbani kwa siku tatu bila kukauka.

Alhamisi, saa tisa alasiri, alimkuta mama amesimama kando ya cherehani, kiganja kimetulia juu ya tumbo, kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

"Tangu asubuhi hachezi kama kawaida," mama alisema polepole. "Amenigusa mara moja, basi. Pengine amelala. Watoto wakikua hulala sana, au sivyo?"

Alimwuliza mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kumwuliza. Hapo Sindano alipiga moyo konde.

"Mama, haikuwa ishirini na tisa."

"Nini haikuwa ishirini na tisa?"

"Ilikuwa ishirini na saba. Na Jumatatu ilikuwa ishirini na saba na nusu. Niliongeza."

"Uliongeza."

"Kama za mshono. Nilitaka usiumie."

Mama hakumpiga, wala hakupaza sauti, na Sindano angeona afadhali kama angefanya yote mawili. Alivua subana, kile kikofia cha kukinga kidole, akaiweka juu ya cherehani kwa uangalifu.

"Chukua kadi," alisema. "Chukua mwavuli. Twende."

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma kadi, akatazama tarehe, akamtazama mama.

"Jumanne nilikusubiri."

"Niliogopa," mama alisema.

"Mama yangu, mficha uchi hazai. Ukija hapa, woga uache nje pamoja na mwavuli. Panda kitandani."

Alipima. Ishirini na saba na nusu. Kisha akaweka kifaa cha kusikilizia tumboni, akainama, akakisogeza kulia, akakisogeza kushoto. Sindano alisikia mvua ikipiga bati. Alimwona mama amefumba macho, midomo ikisogea bila sauti. Ilipita dakika moja ambayo hataisahau hata akizeeka.

"Mapigo yapo," mkunga alisema. "Yapo, lakini hayanifurahishi. Hamrudi nyumbani."

Akapiga simu, akaita gari la wagonjwa.

Katika hospitali kubwa daktari aliwaeleza kile picha ilichoonyesha. Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, halikuwa likimpelekea chakula cha kutosha. Halikuwa kosa la mama, wala la kukaa kwenye cherehani. Mama alilazwa, akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na kila siku mapigo yalihesabiwa. Shangazi alikuja kukaa na Sindano nyumbani. Siku zile zilikuwa ndefu. Sindano alikwenda shuleni, akarudi, akaenda wodini na chakula, na hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba mambo yatakuwa mazuri, kwa sababu hakuna aliyejua.

Jumapili ya tarehe mbili Juni mtoto alitolewa kwa upasuaji. Alikuwa msichana, uzito wake kilo moja na gramu mia tatu. Miguu yake haikuzidi vidole vya Sindano kwa unene.

"Mngekuja wiki moja baadaye," daktari alisema, "nisingekuwa na mtoto wa kuwaonyesha."

Nguo zote mtoto alizoshonewa zilikuwa kubwa mno, na wodi ilikuwa baridi. Kwenye kitanda cha jirani alilala mke wa mwashi, mwanamke mpole ambaye mtoto wake alifariki siku ya pili baada ya kuzaliwa. Alikuwa akisubiri mshono wake upone aruhusiwe. Siku ile aliwatazama wakihangaika na shuka, akaingiza mkono mfukoni mwa begi lake, akatoa shali ndogo ya sufi, nyeupe, ambayo haikuwahi kumfunika mtu.

"Mfunikeni na hii akilazwa kifuani," alisema. "Lakini nimewaazima. Nitaidai."

Mama aliitika kwa kichwa.

Kwa wiki tano mama alimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, shali juu ya mgongo wake, kama wauguzi walivyoelekeza. Kila asubuhi mtoto aliwekwa kwenye mizani. Kuna siku aliongeza gramu ishirini, kuna siku alipunguza thelathini, na siku za kupunguza Sindano alizitangaza vile vile zilivyo: "Leo amepungua, mama." Mama alifuta machozi, kisha akamnyonyesha.

Siku mtoto alipotimiza kilo mbili, mama alimwita Sindano akae kando ya kitanda.

"Nina maneno mawili nawe," alisema. "La kwanza ni kosa langu. Nilimpa mtoto kazi ya mkunga kwa sababu niliogopa kusikia. Mtu mzima hapaswi kumtwika mtoto hofu yake. Hilo nimelikiri mbele yako na nitalikiri mbele ya baba yako akirudi."

"Ndiyo, mama."

"La pili ni lako. Ulinionea huruma, na huruma si dhambi. Lakini huruma inayoficha ukweli humwacha mgonjwa bila dawa. Wewe ulificha namba, namba ikaendelea kuwa pale pale ndani ya tumbo langu. Siku nyingine ukiona habari mbaya, niletee ikiwa mbaya vile vile. Kulia nitalia, lakini nitalia nikiwa njiani kwenda hospitali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe siku ile ile uliposema. Ingekuwa ngumu zaidi kama ningegundua mwenyewe."

Waliruhusiwa Jumatano. Jumamosi iliyofuata, Sindano aliifua shali kwa maji ya uvuguvugu, akaianika kivulini, akaikunja. Kisha akachukua na blanketi dogo alilolishona mwenyewe kwa mkono, pindo lake limenyooka, akaenda hadi nyumbani kwa mke wa mwashi. Mwanamke yule alifungua mlango. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Ana kilo mbili na robo."

Mwanamke alitazama chini kidogo, kisha akainua macho. "Mungu amkuze."

"Nimeleta shali yako. Na hili blanketi nimelishona mimi. Ni lako, kwa shukrani yetu."

Mke wa mwashi aliipokea shali. Aliikunjua, akakagua pembe zake nne moja baada ya nyingine, akaikunja upya na kuiweka begani. Blanketi hakuligusa.

"Hilo kamfunike mdogo wako," alisema. "Mimi niliwaazima moja, nimerudishiwa moja. Tumemalizana."

"Lakini mama, tulitaka..."

"Tumemalizana, mwanangu," alisema, akiishika shali kwa mikono miwili. "Hii nitaihitaji, Mungu akinijalia tena."