Mfuko wa Udongo wa Nkongolo

Kila asubuhi Nkongolo na mke wake Mianda walitoka Kolwezi kwa baiskeli moja. Nkongolo alikanyaga pedali, Mianda alikaa nyuma na sufuria ya bukari, ugali wao wa mchana, mapajani. Walifuata barabara ya Mutshatsha mpaka mahali ambapo nyumba zinaisha na uwanda unaanza. Hapo, pembeni ya kichuguu kirefu kuliko nyumba, palikuwa na shamba lao.

Halikuwa lao hasa. Chef Kalombo, mgawaji wa ardhi ya kijiji kile, aliwapa kwa sharti.

"Misimu mbili," aliwaambia kwa Kiswahili cha kwao, ambamo watu ni bato. "Mukivuna, mubaki. Musipovuna, napatia bengine. Bato beko bengi banaomba."

Msimu wa kwanza mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano, yakasimama hapo hapo. Nkongolo alilaumu mbegu. Halafu alilaumu mvua. Udongo hakuulaumu, kwa sababu aliuchagua mwenyewe. Aliutazama mara moja tu, akasema ni mwekundu, kwa hiyo una nguvu.

Nkongolo alikuwa na sababu ya kujiamini. Kwa miaka kumi na miwili alichimba shaba na kobalti kwa mikono. Alikuwa akishika jiwe, analigeuza kwenye jua, anataja kiasi cha madini kilichomo. Mashine ya depo, pale wanunuzi wa mawe walipokaa, ilikuwa ikisema karibu sawa na yeye. Mgongo ulipochoka na mashimo, alichukua jembe. Lakini alibaki na maringo ya mtu wa mawe.

Mwezi wa nane, habari ilifika kijijini. Mradi wa kilimo ulikuwa unapima udongo wa uwanda mzima, ili kujua ni wa aina gani na unahitaji dawa gani. Chef Kalombo alitangaza kwa maneno machache: kila mwenye shamba alete nusu kilo ya udongo ndani ya mfuko wenye jina lake, kabla ya Ijumaa.

Alhamisi Nkongolo alishika jembe, akapita katikati ya shamba bila kusimama, akaenda kwenye kichuguu. Alianza kuchimba ubavuni mwake. Udongo wa kichuguu ulikuwa mzito na mweusi-mwekundu, ulishikamana kama unga uliosongwa.

Mianda alimtazama, akamwita baba kwa lugha ya kwao. "Tata, shamba iko huku. Unachimba kule kwa nini?"

"Mama, siku ya kupima, nani anapeleka jiwe mubaya ku depo? Unachagua ile muzuri ya juu, unaiosha, njo unapeleka."

"Hapa haina depo. Bale ba mradi habanunue udongo yetu."

"Kupima ni kupima," alisema Nkongolo. Aliondoa mizizi na majani, akaupondaponda udongo mpaka ukawa laini. Aliutia ndani ya mfuko, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Majibu yalikuja katikati ya mwezi wa tisa. Watu walikusanyika uani kwa Chef Kalombo. Fundi wa mradi alikuwa dada mmoja aliyevaa buti za mpira, jina lake Tatiana Mbayo. Alibandika ramani ya uwanda kwenye ukuta. Kila shamba lilikuwa na kidoa na namba.

"Hii namba inaonyesha uchachu ya udongo," alieleza. "Saba iko katikati. Ukishuka chini ya saba, udongo inaanza kuwa muchachu. Ukifika ine, mahindi inapata taabu kabisa. Tulipima mifuko kumi na tisa."

Alianza kusoma majina. Tshilombo, jirani wa Nkongolo, alipata nne na nusu. Wengine walipata nne na sehemu, au tano kasoro.

"Nkongolo, saba na nusu."

Nkongolo alisimama. "Munasikia? Tshilombo! Yako ni ngapi, ndugu yangu? Sikusikia muzuri."

"Ulisikia," alisema Tshilombo.

"Ine na nusu! Ile ni shamba ao ni chupa ya siki?"

Watu walicheka. Nkongolo alikaa akiwa ameridhika. Mianda hakucheka.

Tatiana alichukua karatasi ya pili. "Sasa, chokaa. Chokaa inapunguza uchachu. Mufuko yote yenye iko chini ya tano na nusu, mwenyewe anapata chokaa ya mradi. Ni bato kumi na munane."

Alisoma majina kumi na manane. La Nkongolo halikuwamo.

Tshilombo aligeuka polepole. "Tata Saba-na-Nusu, weye hauna muzigo. Unisaidie kubeba yangu basi."

Safari hii watu walicheka zaidi.

Jioni Mianda aliweka bukari mezani na sombe kidogo, majani ya mihogo yaliyotwangwa. Alisubiri mpaka mumewe aoshe mikono.

"Saba na nusu yako," alisema, "mwaka huu tutaikula na mboga gani?"

"Mianda."

"Apana, nauliza tu. Msimu ya kwanza ilikufa. Hii njo ya pili. Hakuna ya tatu. Chokaa iko kwa Tshilombo, na sisi tuko na sifa."

Nkongolo alikula bila kuinua kichwa.

Siku mbili baadaye, Tatiana alifika shambani kwao kwa pikipiki. Alikuwa na ndoo, chupa ya maji, chupa ndogo ya dawa ya kupimia, na chuma kirefu cha kutobolea ardhi, chenye ncha iliyosokotwa.

"Tata Nkongolo, niko na shida, na ni shamba yako inanipatia," alisema. Alikunjua ramani juu ya kiti cha pikipiki. "Angalia. Bidoa kumi na munane binafanana. Uchachu karibu sawa, muchanga karibu sawa. Katikati yabo iko kidoa moja haifanane na hata mungine. Ni yako."

"Labda Mungu alinipenda."

"Labda. Lakini mi nachora ramani. Nikisema hapa kuko udongo ya aina ingine, nachora mupaka kuizunguka, na miaka yote bato batafuata ile mupaka. Nataka kuona kwanza. Ulichimba wapi ile ya mufuko?"

Nkongolo alinyoosha mkono kuelekea katikati ya shamba. "Pale."

Mianda, aliyekuwa akikusanya mabua makavu, aliacha kukusanya.

Tatiana alikwenda pale, akazungusha chuma chake, akakivuta. Ulitoka mchanga mwekundu-manjano. Alichukua kidogo, akatia maji kiganjani, akajaribu kuuviringisha uwe kamba. Ukavunjika. Alijaribu tena. Ukavunjika.

"Udongo ya mufuko yako iliviringika kama uzi, nikaikunja mpaka ikafanya pete," alisema. "Ile ni mufinyanzi mwingi. Hii ni muchanga. Tata, udongo haitembee na miguu."

Nkongolo alitazama mchanga ule. Akisema kweli, kijiji kizima kingemcheka mpaka mvua. Asiposema, mahindi yangesimama magotini tena, na Chef Kalombo angekuja na familia nyingine.

"Sema," alisema Mianda, "ao nikusemee."

Nkongolo alielekeza kidole kwenye kichuguu.

Tatiana aliangalia kidole, akaangalia kichuguu, akashika kiuno. "Kichuguu! Kwa nini?"

"Ku depo tulikuwa tunafanya vile. Jiwe muzuri njo inapimwa. Ukipeleka mubaya, beko banakudharau."

Tatiana hakumkaripia. "Kule ulikuwa unauza, tata. Huku hauuzi. Hii ni kama kupima damu. Ukiwa mugonjwa, ukabebea munganga damu ya jirani mwenye afya, atakupatia dawa ya nini? Atakuambia urudi nyumbani. Njo tulikufanyia." Alipangusa mchanga kiganjani. "Na mi niko na kosa. Nilituma neno kwa chef, sikukuya mwenyewe kuonyesha namna ya kuchimba."

Basi akawaonyesha. Walitembea shambani kwa njia ya kupindapinda, toka pembe moja mpaka nyingine. Kila baada ya hatua kadhaa walisimama, wakachimba mpaka urefu wa kiganja na vidole vyake, wakatia udongo kidogo ndani ya ndoo. Walifanya hivyo mahali kumi na tano. Walikwepa kichuguu. Walikwepa njia ya miguu, na mahali palipochomwa makaa, kwa sababu majivu nayo yanabadilisha namba. Ndoo yenyewe ilikuwa imeoshwa. Haikuwa imebeba chokaa wala mbolea.

"Sasa changanya," alisema Tatiana. Mianda alichanganya kwa mikono. "Kutoka humu unabeba nusu kilo. Ile inasema habari ya shamba yote, haiseme habari ya pahali moja. Unaianika ku kivuli, unaandika jina. Basi."

Kisha akasema anahitaji shimo la mita moja na nusu, ili aone tabaka za udongo. Alitaka kwenda kutafuta vijana.

"Vijana ya nini?" aliuliza Nkongolo.

Alivua shati. Kabla jua halijasogea sana, shimo lilikuwa limekwisha. Kuta zake zilinyooka, na upande mmoja ulikuwa na ngazi ya kushukia.

"Ai!" alisema Tatiana. "Ya kwetu ku mradi inachukua asubuhi nzima, na inakuwa ya kukunjamana."

Nkongolo alivaa shati lake polepole.

Walishuka. Tatiana alikwaruza ukuta kwa kisu, akawa anaonyesha toka juu kwenda chini. Juu kabisa palikuwa na tabaka nyembamba nyeusi-nyeusi, vidole vinne tu. Hapo ndipo majani yaliyooza yalipo, na ndipo chakula kingi cha mmea kilipo. Chini yake udongo ulikuwa wa kahawia. Chini zaidi ulikuwa mwekundu-manjano mpaka mwisho wa shimo, mchanga mtupu, bila mawe.

"Lakini ni mwekundu," alisema Nkongolo. "Mwekundu iko na nguvu."

"Rangi ile ni kutu ya chuma, tata. Haiseme kama udongo imeshiba. Hii ni udongo ya kizamani sana. Mvua iliiosha miaka maelfu, chakula ikashuka kule mizizi haifike. Balimu banaiita *ferrallitique*. Na hapa ku uwanda inakuwa na muchanga mingi, haishike maji. Angalia mizizi ya mwaka jana."

Nkongolo aliinama. Mizizi mikavu ya mahindi ilikuwa bado ukutani. Ilishuka urefu wa kiganja, ikakunja pembeni, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa.

"Iligusa uchachu, ikakataa kushuka," alisema Tatiana.

Nkongolo aliigusa kwa kidole. Mbegu haikuwa na kosa.

Tatiana alipima udongo wa ndoo palepale kwa dawa yake ya chupa. Rangi ilionyesha nne na nusu. Aliandika kwenye daftari: uwanda, udongo mwekundu-manjano, mchanga, mchachu, wenye kina. Yalikuwa maneno yale yale aliyoandika kwa Tshilombo.

Mianda alikuwa bado anatazama kichuguu. "Mama Tatiana, kama udongo ya kule ni muzuri vile, na shamba iko na njaa, tusiibebe tukaimwage huku?"

"Uliza tena kwa nguvu, bote basikie!" alisema Tatiana. "Ndiyo. Muchwa inapandisha mufinyanzi toka chini, na chokaa yake mwenyewe. Muvunje, musambaze mu shamba yote. Inasaidia pamoja na chokaa ya mradi na samadi."

Lilibaki jambo moja. Orodha ya chokaa ilisomwa mbele ya watu, kwa hiyo ilipaswa kubadilishwa mbele ya watu. Jumapili, baada ya misa, Nkongolo alisimama uani kwa chef.

"Saba na nusu yangu ilikuwa ya kichuguu," alisema. "Shamba yangu ni ine na nusu, sawa na ya Tshilombo."

Tshilombo alicheka mpaka akakaa chini. Alipoweza kusema, alisema, "Karibu ku siki, ndugu yangu." Kesho yake alikuja kumsaidia kuvunja kichuguu.

Nkongolo alipopata chokaa yake, waliisambaza pamoja na udongo wa kichuguu mwishoni mwa mwezi wa tisa, wakachanganya kwa jembe. Walipanda mvua ziliposhika, mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa pili mahindi yaliwapita kichwa. Hayakuwa sawa kila mahali. Kona moja ambako vikapu vya udongo wa kichuguu havikufika ilibaki na mahindi mafupi, na Nkongolo alimwonyesha kona ile kila aliyepita.

Mwezi wa tatu Chef Kalombo alikuja. Alitembea mstari mzima. Alivunja hindi moja, akalimenya, akabonyeza punje kwa ukucha. Zilikuwa zimejaa mpaka nchani.

"Mubaki," alisema, akaenda zake.

Mianda alikaa chini katikati ya mahindi. Nkongolo alichukua jembe, akaenda pembeni ya shamba, akaanza kuchimba.

Tshilombo alipaza sauti kutoka upande wake. "Tata, unapima tena?"

"Apana," alisema Nkongolo, bila kuacha kuchimba. "Hii ni ya nguzo ya nyumba."