Rundo Lililofuka Bila Moto

Mume wangu ni seremala, lakini mtaani wanamwita Kiberiti. Kila Jumamosi alikuwa akifagia ua, anakusanya majani, maganda ya ndizi, mifuko ya plastiki na makopo, anatupa vyote shimoni nyuma ya nyumba, halafu anawasha. Moto ukishika, anasimama pembeni, mikono kiunoni, roho yake kwatu.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo za wateja zilinuka moshi, nikanung'unika, yakaisha. Lakini mama yangu alipohamia kwetu, hayakuisha tena. Mama ana pumu. Jumamosi moja moshi uliingia chumbani kwake, akakohoa hadi akashindwa kusimama. Nilimpa dawa yake ya kuvuta. Alipopata pumzi, alitoa begi lake uvunguni, akalipanga, akaliweka nyuma ya mlango.

"Mwanangu, mumeo ni mtu mwema," akasema. "Lakini moshi ukifuka tena hapa, naenda kwa dada yako. Na sirudi."

Iliniuma sana. Nilikuwa nimembembeleza mno mama aje kuishi nami. Kiberiti naye aliona haya, maana mkwe ni mkwe. Aliniuliza kwa sauti ya chini, sasa taka tutazipeleka wapi?

Jirani yetu anaotesha miche ya mboga na maua, kwa hiyo tunamwita Mama Miche. Ana mdomo huyo! Nilipomweleza, alikuja mbio, akachungulia shimo, akatikisa kichwa.

"Shemeji, unachoma mali," akasema. "Na moshi wa plastiki ni sumu. Unamuumiza mama, unajiumiza na wewe."

Tukaanza kazi siku ileile. Chupa, plastiki na makopo tuliyasuuza, tukayatia kwenye gunia la wakusanyaji wanaopita mtaani. Majani makavu, nyasi mbichi na maganda ya jikoni tuliyapanga tabaka juu ya tabaka mpaka likawa rundo kubwa. Tulinyunyiza maji kiasi, lipate unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Nyama na vyakula vya mafuta Mama Miche alivikataza, maana panya hawangoji kualikwa. Alisema rundo hilo litaoza na kuwa mboji, mbolea safi ya bustani. Kiberiti alisikiliza kwa makini, ingawa mkono ulikuwa unapapasa mfuko wa kiberiti.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja ya baridi nilitoka chumbani, nikamkuta mama sebuleni, begi mkononi. Alinyoosha kidole dirishani. Nje, rundo letu lilikuwa linafuka kitu cheupe kama moshi.

"Pafukapo moshi pana moto," akasema.

Kiberiti alitoka na mswaki mdomoni, akaapa kwamba hajawasha kitu. Hata mimi sikumwamini. Alikimbilia ndoo ya maji, sisi nyuma yake. Mara tukamsikia Mama Miche akipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua.

"Usimwage, shemeji! Huo ni mvuke. Vijidudu vinakula majani humo ndani, na vikila vinatoa joto. Rundo lenu limekubali."

Kiberiti alisimama na ndoo yake. Mama aliweka begi chini, akapita mbele yetu, akazamisha mkono katikati ya majani. Akautoa haraka. Ulikuwa na joto, umelowa, una harufu ya udongo. Kisha akainama, akavuta pumzi palepale juu ya rundo. Tulisubiri akohoe. Hakukohoa. Akavuta tena.

"Mkwe," akasema polepole, "moshi wako huu haukohozi."

Kiberiti alicheka mpaka mswaki ukaanguka ndani ya ndoo. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Tuliendelea kuligeuza rundo na kulinyunyizia maji. Baada ya miezi kadhaa mboji ilikuwa nyeusi, laini, na pilipili zetu zilizaa hadi tukagawa. Jumamosi mama analala dirisha wazi. Anasema mkwe wake bado ni kiberiti, ila hana njiti.

Na lile begi? Kila wiki mama analitundika begani, anazunguka kwa majirani. Akirudi limejaa majani makavu.