Moyo Uliogoma Kudunda

Kila siku masomo yakiisha, Kipanya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu akikishika kipanya hakiachii, hata kengele ilie mpaka ipate kikohozi. Alipenda somo moja la mtandaoni: moyo wa binadamu uliodunda kila ukiubofya.

Siku hiyo moyo uligoma. Palikuwa na kisanduku cha kijivu tu na maneno: "Programu-jalizi hii haitumiki tena," yaani kile kijiprogramu kilichoudundisha moyo. Na kesho yake, siku ya wazazi shuleni, alitakiwa kuwaonyesha somo hilohilo! Akabofya, akabofya, jasho likamtoka kama anayechota maji kisimani. Mara tangazo likamulika: "Huisha sasa, bure!"

"Kumbe inahuishika!" akasema, akabofya.

Kioo kikawa chekundu. Kazi zote za darasa zikafungwa, hata moja haikufunguka. Kipanya akazima kompyuta, akatoka mbio.

Asubuhi mwalimu alipoona kazi hazifunguki, alimsimamisha mama msafishaji mlangoni. "Watoto walipotoka jana, ufunguo ulibaki kwako. Nani mwingine aliingia humu?"

"Mwalimu, mimi hata kuiwasha sijui, nafuta vumbi tu. Ukinifukuza, wanangu watakula nini?"

Kipanya, aliyekuwa karibu na wenzake, alisikia yote. Rafiki yake, aliyeijua siri, akamnong'oneza, "Nyamaza wewe! Yatapita."

Mama akaanza kufungua kanga ya kazi aliyojifunga kiunoni, aondoke.

"Ni mimi, mwalimu!" Kipanya akalia. "Mama hana kosa. Niliona 'huisha', nikabofya."

Fundi wa kompyuta akaitwa. Akaguna. "Binti, walioitengeneza programu hii wameizika wenyewe, na vivinjari, hivi tunavyofungulia kurasa za mtandao, vimeifungia mlango. Huyo aliyekuahidi kuifufua ni nani, mganga?"

Wote wakacheka, isipokuwa Kipanya. Fundi akaisafisha kompyuta, akarudisha kazi kutoka kwenye nakala alizokuwa amehifadhi mwalimu. Moyo haukurudi. Basi Kipanya akauchora kwa chaki sakafuni, mkubwa kama chumba, wenzake wakapita ndani yake kama damu, wakisukumana kweli kweli. Wazazi wakapiga makofi.

Mwalimu alimwomba radhi mama msafishaji. Mama akamshika Kipanya bega.

"Mwanangu, kidogo tu ningekuwa njiani, sina kazi. Kitu kikikushinda, uliza. Ukiharibu, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa."