Vazi la Harusi Yetu, Harusi ya Wengine

"Toka nyuma ya pazia, Torleif. Viatu vyako navijua."

Gunnvor hakupaza hata sauti. Alikuwa amepiga magoti katika sakristia, chumba cha kuvalia cha kanisa kuu la Trondheim, Norwe, akiokota pini zilizobaki baada ya kumbania binti mfalme shela. Bibi harusi ndiyo kwanza ametoka, kinanda kinanguruma.

Pazia likasogea. Mwanaume akatoka, kamera ndogo kiganjani, mwilini vazi la asili la kwao, bonde la Setesdal: kizibao cha tarizi nyekundu na kijani, vifungo vya fedha. Tarizi ile aliishona Gunnvor mwenyewe, majira ya baridi mazima, kwa ajili ya harusi yao. Siku yenyewe Torleif akapigiwa simu na gazeti analolipigia picha, akakimbilia kazi. Gunnvor akabaki kanisani na mchungaji.

"Kumbe umelivaa."

"Walinzi hawamsumbui mtu aliyevaa vazi la kwao. Sikuwa na njia nyingine."

"Nikushonee vazi la harusi yetu, ulivae kuibia harusi ya watu!"

"Gunnvor, mpenzi..."

"Mpenzi wako nani? Umepiga picha gani?"

Akainamisha kichwa. "Binti mfalme. Akilia."

"Alikuwa anamlilia marehemu mama yake. Alikuwa anasali, Torleif! Mtu na Mungu wake!"

Simu ikatetemeka mkononi mwa Torleif. Gunnvor akausoma ujumbe kabla hajaificha: "Umeipata? Tuma haraka, ukurasa wa mbele ni wako. Espen, mhariri."

"Haya, mtumie," Gunnvor alisema. "Mimi nimechoka kushindana na simu. Simwiti mlinzi wala sipigi kelele. Ila hilo vazi livue hapa hapa, uondoke na shati lako."

Torleif akajibwaga kwenye benchi kama gunia.

"Unadhani mimi sijachoka? Nalala kwenye gari. Najificha vichakani kama mwizi wa kuku. Nikipiga simu nyumbani, hakuna wa kupokea."

"Nilikuwa napokea mimi."

Ng'ambo ya mlango watu wakaanza wimbo.

Torleif akachomoa kadi ya kamera, akaitumbukiza kwenye kopo la pini.

"Ichome, itupe, vyovyote. Picha haipo kwingine. Ila vazi usinivue."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mlinzi.

"Dada, huyu nani? Mbona simjui?"

Neno moja tu, na Torleif angetolewa kwa pingu mbele ya kamera za wenzake. Gunnvor akamtazama. Amezeeka. Kifungo cha juu amekifunga kombo, kama mtoto aliyejivisha mwenyewe. Akamwomba Mungu kimoyomoyo amsamehe kama anakosea.

"Bwana harusi wangu."

"Wako? Harusi leo?"

"Amechelewa," Gunnvor alisema, akiinuka taratibu kukifunga kile kifungo vizuri. "Mwache, kaka. Atanibebea sanduku langu la ushonaji."