Meseji za Mama kutoka Kangema

Jumapili hiyo ilikuwa Jumapili kama nyingine yoyote pale mtaani Mowlem. Kamba zilijaa nguo kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya mwisho, watoto walikuwa wakifukuzana kwenye ngazi, na redio ya jirani iliendelea kuhubiri ingawa watu walikuwa wameshatoka kanisani. Warigia alichutama mlangoni mwa chumba chake akifua mashuka. Mdogo wake Sally, aliyekuja kumtembelea kutoka mtaa wa Huruma, alikaa kitandani na simu ya dada yake mkononi, akitazama picha za zamani.

Warigia alitoka kuanika shuka moja kwenye korido. Aliporudi, alimkuta Sally amesimama kando ya beseni, mikono mitupu. Simu ilikuwa chini ya povu.

"Imeniponyoka," Sally alisema.

Warigia alitumbukiza mkono, akaitoa ikichuruzika maji. Simu yenyewe haikumuuma sana. Ilikuwa mtumba tu, Sally mwenyewe alikuwa amempa alipojinunulia mpya. Kilichomkata maini ni meseji za mama yao.

Mama alikuwa amezikwa kijijini Kangema mwezi wa nne. Alijifunza kuandika meseji uzeeni, kwa kabambe, ile simu yake ndogo ya vitufe. Aliandika kwa herufi kubwa tupu na kila meseji aliimalizia kwa njia moja, kana kwamba mtu angeweza kumsahau. WARIGIA UMEKULA. NI MIMI MAMA. Au, MVUA IMEANZA VAA SWETA. NI MIMI MAMA. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha ususi, Warigia alisoma mbili tatu kisha akafunga mlango. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na hizo meseji.

"Achana nazo, Warigia," Sally alimwambia siku hiyo, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Utajiumiza bure. Aliyeenda ameenda."

Ulikuwa ushauri mzuri. Ubaya ni kwamba Sally alikuwa ameanza kuvaa viatu kabla hata hajaumaliza.

Jumanne mchana Warigia aliipeleka simu kwa Munyao, fundi wa simu aliye chini ya ghorofa ya duka la dawa. Munyao ni Mkamba mpole, mwenye tochi kichwani mchana kutwa. Aliifungua simu, akainusa, akatikisa kichwa.

"Hii imekunywa maji, madam. Imeenda."

"Sitaki simu. Nataka meseji za mamangu."

"Hizo ni kitu ingine. Hizo hazikai kwa simu peke yake, ziko kwa klaudi, ile stoo ya mtandao. Simu ikikufa, zenyewe ziko huko juu zinakungoja. Imeili yako ni gani?"

Warigia alicheka kwa aibu. Imeili hakuwa nayo. Simu ilikuja na ya Sally na hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha. Lakini nenosiri alilijua, kwa maana Sally alitumia hilo hilo kwa kila kitu tangu wakiwa wasichana: jina la mama, Nyawira, na mwaka wake wa kuzaliwa. Munyao alichukua simu ya mtumba kutoka rafuni, akaandika, akangoja.

"Kuna nakala mbili hapa," alisema. "Moja ya Jumapili. Ingine ya leo asubuhi. Nikupee ya karibuni?"

"Ya karibuni," Warigia alisema haraka, maana alitaka zote, asikose hata moja. Wala hakujiuliza simu iliyozama Jumapili ingejihifadhi vipi Jumanne. Mtu mwenye hamu haulizi.

Meseji zilianza kuingia. Alipoona jina la mama, macho yalimlowa, akageukia ukutani Munyao asimwone. Akafungua.

SALLY HUKU NI BARIDI. NI MIMI MAMA.

Alifikiri ni ya siku za ugonjwa, mama alipokuwa akiuguzwa kwa Sally kule Huruma. Kisha akaangalia tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa tano.

Chini yake Sally alikuwa amejibu: Wewe mwizi koma. Hiyo simu niliiweka mwenyewe ndani ya jeneza.

Mbona Sally aliwaambia watu kwamba kabambe ya mama iliibwa na waombolezaji? Warigia aliketi kwenye stuli ya wateja. Magari yalipita. Mwanamke mmoja alikuwa akibishania bei ya nyanya hatua chache tu kutoka pale.

MIMI SI MWIZI. ULISEMA UTALALA NA MIMI. NI MIMI MAMA.

Na hilo Warigia alilijua, alikuwepo. Tangu baba yao afariki, mama hakuweza kulala peke yake. Alilala upande wa ukutani, na lazima awepo mtu upande wa nje. Siku yake ya mwisho alifungua macho akauliza, "Nani atalala na mimi?" Warigia alishindwa kujibu kwa kulia. Sally ndiye aliyemshika mkono akasema, "Mimi, Mama." Mama akatulia, akaenda. Miezi yote hiyo Warigia alikuwa akimshukuru mdogo wake kwa jibu lile.

Aliendelea kusoma.

Mama nakuomba, Sally aliandika. Nina Owen na Tiffany. Nani atawalea.

BASI NANI. NI MIMI MAMA.

Siku kadhaa zilipita bila jibu. Kisha:

Chukua Warigia. Hana mume hana mtoto. Yeye hataacha mtu akiteseka.

Warigia alisoma mara moja tu. Hakuhitaji kurudia. Alihisi kama mtu aliyepigwa kofi na mkono alioulisha. Huyu Sally, Warigia ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Ndiye aliyemlipia karo kwa kusuka vichwa vya watu mpaka vidole vikavimba. Na sasa yeye mwenyewe amehesabiwa, akaonekana ndiye asiye na hasara.

SIWEZI KUINGIA KWA MTU BILA KUITWA. WEWE ULISEMA. YEYE ANIITE MWENYEWE. NI MIMI MAMA.

Na ya mwisho ilikuwa ya Sally, ya Jumamosi: Kesho nitaenda kwake.

"Madam, uko sawa?" Munyao aliuliza. "Si ni zenyewe?"

"Hizi ni za Sally," Warigia alisema. "Nipe ile nakala ingine. Ya Jumapili."

Munyao aliirudisha. Hizi zilikuwa zake kweli. UMEKULA. VAA SWETA. Warigia aliteremka hadi chini kabisa. Hapo palikuwa na meseji iliyotumwa kutoka simu yake. Jumapili, saa ile alipokuwa akianika shuka kwenye korido.

Mama njoo nyumbani.

Na jibu, lililoingia kabla tu simu haijazama.

ASANTE MWANANGU. NIKO NJIANI. NI MIMI MAMA.

Alipofika Huruma na simu aliyoazimwa na Munyao, laini yake ikiwa ndani, jua lilikuwa bado kali. Sally alifungua mlango, akaona simu mkononi mwa dada yake, akajua. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake ili watoto wasisikie, wakasimama kwenye ngazi, katikati ya harufu ya kabichi na mafuta ya taa.

"Umeniuza," Warigia alinong'ona.

"Alikuwa anakuja kwa watoto wangu. Asubuhi nilikuwa nawakuta wamefunikwa blanketi vile yeye hufunika. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Mimi ni dadako, Sally. Ungeniambia tungeomba pamoja, tungeita pasta, tungefanya chochote. Wewe ulikuja kwangu ukanywa chai yangu."

Sally aliinamisha kichwa. Alipokiinua, uso ulikuwa mkavu.

"Kila siku ni wewe unalia unamtaka Mama. Mimi nilikuwa simtaki. Nimekupa."

Akaingia ndani. Komeo likalia. Warigia alisimama pale akisikia Tiffany akiuliza ni nani, na Sally akijibu kwamba si mtu.

Angekwenda wapi? Kwa pasta, labda. Kwa jirani. Lakini mtu aliyesalitiwa na damu yake huwa hataki kutazamwa, hutaka kwake. Akarudi Mowlem. Mchana ulikuwa haujaisha. Wanafunzi walikuwa wakitoka shule, wakipiga kelele. Kufuli lake lilikuwa mahali pake, kama alivyoliacha. Akafungua.

Baridi ndiyo iliyompokea kwanza. Nje watu walikuwa wakijipepea, lakini humu ndani pumzi yake ilionekana. Kisha harufu. Ile dawa ya kuchua aliyojipaka mama kifuani kila jioni.

Mashuka aliyofua Jumapili alikuwa ameyatandika asubuhi, meupe, yamenyooka. Sasa blanketi lilikuwa limevutwa. Upande wa chini lilikuwa limekunjwa na kuchomekwa chini ya godoro, vile mama alivyokuwa akichomeka ili miguu isipigwe na baridi. Upande wa ukutani godoro lilikuwa limebonyea. Upande wa nje haukuguswa.

Kwenye mto kulikuwa na udongo mwekundu. Mowlem haina udongo mwekundu. Ule ni wa Kangema.

Aligeuka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Hakuwa ameufunga. Alilivuta komeo. Halikusogea. Alilivuta kwa mikono miwili. Nje watoto walipita wakicheka. Alifungua mdomo kuwaita. Sauti haikutoka.

Ilibaki simu. Ile ya Munyao, mkononi mwake. Aliandika akikosea, akifuta, akiandika tena. Bado kulikuwa na tumaini moja: huyu alikuwa mama yake. Mama aliyemwuliza kila siku kama amekula. Mama hangeweza kumchukua kwa uongo wa mtu mwingine. Akijua ukweli, ataondoka.

Mama, si mimi niliyekuita. Sally ndiye aliandika kwa simu yangu. Mimi sikukuita.

Akatuma.

Chini ya blanketi, upande wa ukutani, kabambe ililia. Mlio ule ule wa zamani. Mara moja.

Warigia hakupumua. Alisikia vitufe vikibonyezwa. Polepole. Kimoja. Kimoja. Vile mama alivyokuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja.

Simu ikatetemeka mkononi mwake.

NAJUA MWANANGU. LAKINI WATOTO WA SALLY BADO NI WADOGO. NJOO ULALE. NI MIMI MAMA.

Kibanda cha ususi kilipokaa siku kadhaa bila kufunguliwa, wateja walikwenda kumwuliza msimamizi wa nyumba. Mlango ulibidi kuvunjwa, kwa sababu komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Dirisha lina vyuma. Warigia hakuwemo. Kitanda kilikuwa na mabonyeo mawili, moja ukutani na moja upande wa nje, na blanketi lilikuwa limechomekwa vizuri chini. Polisi walichukua simu iliyokutwa sakafuni, ikiwa imezimika, wakaifungia kituoni. Sally alilia kuliko watu wote. Wanawake wa Mowlem walimshika mabega, wakamwambia ajikaze kwa ajili ya watoto.

Alijikaza. Na mara tu watu walipoacha kuja kumpa pole, alitokea kwa Munyao. Alikuwa amevaa leso nyeusi. Akaomba meseji zote zilizoko kwenye imeili yake zifutwe, zake na za dada yake, kwa sababu, alisema, zilikuwa zikimtonesha kidonda.

Munyao aliketi. Alifanya kazi. Baada ya muda alisukuma tochi yake juu ya paji la uso.

"Zako zimefutika. Za Warigia zinakataa."

"Zinakataa vipi?"

"Nafuta, inarudi. Na inarudi na tarehe ya leo. Leo asubuhi imejihifadhi tena."

"Simu iko polisi," Sally alinong'ona. "Imezimwa."

"Ndiyo nashangaa."

Sally alitaka kuondoka, hilo lilionekana miguuni mwake. Lakini alinyoosha mkono akaichukua simu yake na kuirudisha nakala ile mwenyewe. Meseji za zamani hazikuwemo. Hakukuwa na UMEKULA, hakukuwa na VAA SWETA. Kulikuwa na moja tu, iliyoandikwa asubuhi hiyo, ikielekezwa kwake.

Munyao anasema alimwona akiisoma, kisha akaanza kukimbia kuelekea shule ya watoto wake, leso imemwanguka, simu ameiacha mezani. Munyao alipoichukua aiweke pembeni, kioo kilikuwa bado kinawaka. Kwenye kioo hicho, chini palipo na herufi za kuandikia, palikuwa na alama ya kidole ya udongo mwekundu, ambayo hadi leo haijafutika.

SALLY MAMA ANAULIZA WATOTO WAKO WAMEFIKA DARASA LA NGAPI. NI MIMI WARIGIA.